Saksafoni inalia kama bata: kosa ni la mpigaji, la ridi au la padi?

Swali: Shikamoo mzee. Nina miaka 22, napiga saksafoni ya alto kwenye bendi ya kanisa hapa Tanga. Saksafoni yangu ni ya mtumba, ninayo tangu mwezi wa tatu, na inanisumbua kwa mambo matatu. Nikitoka C kwenda D ya juu, mara nyingi hutoka mlio kama wa bata aliyekanyagwa, hadi waumini wanageuka. Asubuhi nikibonyeza G shapu, inatoka G tu. Na noti za chini kabisa, B na B flati, hazitoki: zinakoroma halafu zinarukia juu. Fundi anasema padi zote (vile vizibo vya ngozi vinavyofunika matundu) zimekufa, zibadilishwe, na bei aliyonitajia inakaribia nusu ya pesa niliyonunulia. Mpiga trampeti wetu anasema saksafoni ni nzima, nipulize kwa nguvu zaidi tu. Natumia ridi (kile kipande chembamba cha tete kinachotetemeka mdomoni) namba 3. Nimsikilize nani?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usimlipe fundi bado. Na huyo mpiga trampeti mshukuru, lakini ushauri wake uache hapohapo. Kupuliza kwa nguvu saksafoni inayovuja ni sawa na kujaza upepo tairi lenye pancha.

Umenirahisishia kazi kwa sababu umetaja noti. Wengi huniambia "inapiga kelele" basi, wakaniacha nibashiri kama mganga. Noti ndiyo anwani ya ugonjwa. Saksafoni ni bomba lenye matundu: ukifunga matundu kutoka juu kwenda chini, bomba linarefuka na sauti inashuka. Tundu la juu likivuja, noti zote zilizo chini yake zinaumia, ila zilizo juu yake hazina habari. Fundi baiskeli huzamisha mpira kwenye karai la maji akaona povu linatokea wapi. Saksafoni huwezi kuizamisha, ila unaweza kushuka noti moja moja ukasikiliza inapoanza kuwa nzito. Ni karai lilelile.

Sasa tazama barua yako mwenyewe. Umelalamikia B na B flati za chini. C ya chini hukuitaja, kwa hiyo naamini inatoka. Hebu ihakikishe: ipige kwa sauti ndogo, bila kuisukuma, kama unambembeleza mtoto alale. Ikitoka laini na kukaa, basi padi zako hazijafa zote. Haiwezekani. Ili C ya chini itoke, karibu kila kifuniko kwenye bomba lazima kiwe kimefunga barabara. Kungekuwa na padi hata mbili zimekufa upande wa juu, C ingekoroma vilevile, na pengine hata D na E. Fundi wako huenda hana nia mbaya; padi za mtumba zikikauka na kuwa nyeusi zinatisha kuzitazama. Lakini padi haihukumiwi kwa sura. Inahukumiwa kwa kuziba.

Kwa hiyo swali linabaki dogo: ukitoka C kwenda B ya chini, ni nini kinabadilika? Kidole kidogo cha kushoto kinashuka kwenye kile kibao chenye vitufe vinne. Kitufe cha B kinafunga kifuniko kikubwa kilichoko kwenye domo la saksafoni, ule mwisho wake mpana. Lakini kinafanya na jambo la pili ambalo wapigaji wengi hawalijui: kinasukuma pia mtambo wa G shapu ili ufunguke. Waliounda saksafoni za siku hizi waliviunganisha hivyo ili kidole kidogo kiteleze kwa urahisi kutoka noti moja kwenda nyingine. Na kwa kuwa G shapu ikifunguka kweli noti ya chini itavurugika, wakaweka mlinzi: mkono mdogo unaotoka kwenye safu ya vitufe vya mkono wa kulia, wenye skrubu ndogo yenye kipande cha koku (lile gome laini la vizibo vya chupa za mvinyo) kwenye ncha yake. Ukibonyeza F, E au D, mkono huo unaikandamiza G shapu isifunguke hata kama kidole kidogo kinaiamuru.

Mlinzi huyo akilegea kidogo tu, koku ikidondoka au skrubu ikizunguka kwa mtetemo, basi kila unapobonyeza B ya chini G shapu inainuka unywele mmoja. Kwa macho huoni kitu. Kwa sikio unapata hilo koromo ulilolitaja.

Jaribio lake halikugharimu hata senti. Piga D ya chini, vidole sita vyote vimefunga, ishikilie. Huku inalia, bonyeza na kuachia kitufe cha G shapu kwa kidole kidogo cha kushoto. Sauti haitakiwi kubadilika hata kidogo. Ikitikisika, ikififia au ikiruka, mwizi umemkamata. Chukua bisibisi ndogo, ya saa au ya miwani, uzungushe skrubu hiyo kuelekea kulia robo ya mzunguko, halafu jaribu tena. Usizidishe. Ukiikaza mno, mkono utaegemea G shapu kabla kifuniko cha F shapu hakijafika chini, na sasa F, E na D zote zitaanza kuvuja. Utakuwa umeponya kidole kwa kukata mkono. Saksafoni yako ikiwa ya aina isiyo na skrubu hapo, kunja kipande kidogo cha karatasi ukipenyeze kati ya mkono na kifuniko cha G shapu. Noti za chini zikirudi, umejua cha kumwambia fundi: abandike koku mpya hapo. Ni kazi ya dakika chache.

D isipobadilika, mtuhumiwa wa pili ni vifuniko viwili vikubwa vya domoni, vya B na B flati. Viko mahali pabaya: saksafoni ikigongwa ndani ya begi, domo ndilo linalopokea kipigo, nalo likisogea kidogo vifuniko havikai tena sawa juu ya matundu yake. Hapa utahitaji karatasi ya sigara. Najua wewe ni mtu wa kanisa. Kama unaona haya kuinunua dukani, mtume mtu. Kata ukanda mwembamba, upana wa nusu sentimita, uweke kati ya padi na ukingo wa tundu, funga kwa nguvu ileile unayotumia kupiga, kisha uvute taratibu. Zunguka pande zote nne. Inapokamatwa pote, padi inaziba. Inapoteleza upande mmoja, hapo ndipo pumzi inapotokea. Au subiri umeme ukatike usiku, utumbukize taa ndogo ya waya ndani ya bomba, ufunge vitufe polepole na kuangalia mwanga unapenya wapi. Mgao una faida zake.

G shapu ya asubuhi ni kesi nyingine kabisa, ingawa mshtakiwa ni yuleyule. Hapa haivuji, imenata. Sababu iko kwenye ubunifu wake. Vifuniko vingi ambavyo kwa kawaida hukaa vimefungwa huinuliwa na kidole chako moja kwa moja: ukibonyeza, kifuniko hakina hiari. G shapu sivyo. Kifuniko chake kina springi dhaifu inayotaka kukiinua, na juu yake kuna mkono wenye springi kali unaokikandamiza. Ukibonyeza kitufe, unamwondoa mwenye nguvu tu. Kazi ya kuinuka anaachiwa mnyonge. Mate yaliyokaukia pale usiku kucha, yakichanganyika na sukari, yanamshinda.

Nasema sukari kwa makusudi. Niambie ukweli, huwa unakunywa nini kabla ya ibada? Soda? Ubuyu mfukoni? Chai yenye vijiko vitatu? Vyote hivyo vinaingia kwenye saksafoni pamoja na pumzi yako na kugeuka gundi. Sukutua kinywa kwa maji matupu kabla ya kupiga, hilo ndilo dawa ya kwanza. Kwa padi iliyokwisha nata, lowesha pamba ya masikio kwa spiriti kidogo, usugue ukingo wa tundu lenyewe, ule wa chuma. Ngozi ya padi usiipake spiriti, itakauka na kupasuka. Ifute kwa kitambaa chenye unyevu wa maji tu. Kisha weka karatasi safi chini ya padi, funga kwa upole, iache inyonye, ifungue, uitoe. Usiivute huku umebana kwa nguvu, utachubua ngozi. Kuna Wamarekani hutumia noti ya dola kwa kazi hii. Noti zetu za elfu moja zimepita kwa muuza samaki na kwa konda kabla ya kukufikia, kwa hiyo baki na karatasi. Poda ya mtoto nayo acha, maana inachanganyika na mate ikawa uji.

Usiku, baada ya kupitisha kitambaa ndani ya bomba, acha begi wazi nusu saa kabla ya kulifunga. Hewa ya Tanga ina unyevu wa kutosha, usiifungie na mate ndani. Chumvi ya bahari nayo hula springi. Zile springi nyembamba za bluu ni sindano za chuma, na kutu ikizishika zinakatika bila kuaga. Tone dogo la mafuta ya cherehani kwenye maungio, mara moja kila baada ya miezi michache, linatosha. Springi ikichomoka tu bila kukatika, irudishe kwenye kijishikizo chake kwa sindano ya kroshia. Hata mafundi wakubwa wana sindano hiyo kwenye sanduku. Ikikatika Jumapili asubuhi, zungushia mpira mwembamba, ule wa kufungia noti za pesa, kwenye kifuniko na nguzo ya karibu, umalize ibada. Nimewahi kupiga harusi nzima kwa mipira miwili.

Tumefika kwa bata.

Hapa mpiga trampeti wako amekaribia ukweli, maana mlio wa ghafla kati ya C na D ya juu mara nyingi hutoka kwa mtu, si kwa chuma. Fikiria unachofanya pale. C ya katikati unaipiga kwa kidole kimoja. D ya juu inataka vidole vingine vitano vishuke pamoja, na gumba libonyeze oktavu (kitufe cha nyuma kinachorusha noti juu), yote kwa mara moja. Kidole kimoja kikichelewa hata kidogo, saksafoni inasikia noti ambayo haipo kwenye kitabu chochote, nayo inaitoa. Halafu kuna kiganja. Upande wa kushoto, ndani ya kiganja chako, kuna vitufe vitatu vya noti za juu kabisa. Upande wa kulia, karibu na shina la kidole cha shahada, vingine vitatu. Mkono ukiporomoka na kukumbatia bomba, unavigusa bila kujua, na kimoja kikifunguka milimita moja, bata huyo.

Weka simu juu ya kiti, rekodi mikono yako kwa mwendo wa polepole huku unapiga C na D mara kumi. Usitazame uso wako, tazama viganja. Mkono wa kushoto uwe kama umeshika chungwa la Muheza: umepinda, una hewa ndani. Vidole visiruke mbali, vibaki karibu na vitufe, vigonge katikati ya lulu, zile duara za kubonyezea. Na mkanda wa shingoni urekebishe hadi saksafoni ikufuate mdomoni. Ukiinama kuifuata, uzito wote unahamia mikononi na viganja vinaanguka.

Mikono ikiwa safi na bata bado yupo, geukia ridi. Namba 3 nani alikuambia? Najua, wakubwa wanaitumia. Lakini namba ni ugumu wa ridi, si cheo. Kwa mausipisi (kile kipande cha mdomoni kinachobeba ridi) ya kawaida na miezi michache ya kupiga, chukua 2 au 2 na nusu. Ridi ngumu inakulazimisha kuibana kwa taya, ukibana ncha inajifunga, pumzi inatafuta njia, na njia yake ni huo mlio. Itazame pia kwa macho: ncha ikiwa imemenyuka au ina mawimbi kama bati la zamani, haifai. Mawimbi yanaweza kunyooka ukiilowesha majini dakika chache na kuilaza juu ya kioo. Ridi ni tete, jamaa ya matete yetu ya mtoni, na kama tete lolote inapinda ikikaukia vibaya. Ukimaliza kupiga usiiache kwenye mausipisi hadi Jumapili ijayo. Ifute, ilaze kwenye kijaluba chake. Uwe na tatu au nne unazopokezana.

Unapoifunga, ncha ya ridi ilingane na ncha ya mausipisi, weusi mwembamba wa unywele ukionekana juu. Ikienda upande hata kidogo, mlio utakuja. Kisha fanya jaribio hili: ridi ikiwa imelowa, toa mausipisi peke yake, ziba upande wa nyuma kwa kiganja, nyonya hewa yote, kisha itoe mdomoni. Ridi inatakiwa kung'ang'ania kwa sekunde moja au mbili halafu iachie kwa "pop". Ikiachia papo hapo, ridi haikulala sawa juu ya meza ya mausipisi, na hata ukibadilisha padi mara tatu bata hatahama.

Kuna kipimo kingine cha mdomo ninachokipenda kwa sababu hakina huruma. Pakua programu ya kupimia sauti kwenye simu. Piga mausipisi ya alto peke yake, bila shingo (lile bomba fupi lililopinda la juu). Inatakiwa isimame kwenye A, hezi 880, au karibu yake. Ukiona B au C, unabana kwa meno. Legeza taya, jaza pembe za mdomo, mdomo wa chini uwe godoro na si ukuta, halafu uishushe hadi A. Dakika tano kila siku. Majirani watakuchukia, lakini majirani wa wapiga saksafoni hawajawahi kuwa na bahati.

Na usichanganye mlio wa bahati mbaya na mkwaruzo wa makusudi. Wako watakaokuambia wakongwe nao walikwaruza. Ndiyo, lakini mpigaji anayetaka sauti ya kunguruma anaimba kooni huku anapuliza, na anaweza kuiacha muda wowote. Tofauti ni nani mwenye amri.

Limebaki moja, nalo sikulisikia kwako ila kwenye saksafoni za mtumba nalikuta kila mara, kwa hiyo likague: shingo. Kuna vitundu viwili vya oktavu. Kimoja kiko kwenye mwili, hufanya kazi kuanzia D hadi G shapu. Kingine kiko shingoni, kuanzia A kwenda juu. Gumba ni moja, mtambo ndio unaoamua kwa kutazama kidole chako cha tatu cha kushoto. Shika vidole vya G, bonyeza oktavu mara kadhaa huku unatazama shingo: kitufe cha shingoni kisicheze kabisa. Inua kidole cha tatu uwe kwenye A: sasa kiinuke. Kikicheza wakati wa G, kimepinda, na mara nyingi kimepindwa na mwenye saksafoni mwenyewe kwa kuishika shingo vibaya anapoichomeka. G ya chini itakuwa inarukia juu, na watu watamlaumu mdomo. Kukinyoosha ni kazi ya dole gumba na uvumilivu. Plaizi isikaribie hapo.

Kabla ya vyote hivi, kama yupo mpiga alto mwingine hapo mjini, omba nusu saa yake. Apige yako kwa mausipisi yake, nawe upige yake kwa mausipisi yako. Bata akibaki na saksafoni, twende kwa fundi. Akikufuata wewe, tunafahamu pa kuanzia.

Na ukirudi kwa fundi usimwambie "nitengenezee". Mwambie: "C ya chini inatoka, B haitoki, D inatikisika nikigusa G shapu. Naomba urekebishe hapo, unionyeshe kwa taa." Fundi mzuri atafurahi, maana umemfanyia nusu ya kazi. Akikasirika na kurudia wimbo wa padi zote, mwombe akuonyeshe kwa mwanga ni zipi zinavuja. Padi iliyopasuka ngozi au iliyogeuka ngumu kama ngozi ya ngoma ibadilishwe, hata kama ni tano. Zinazoziba zibaki.

Ukiamua kuituma Dar, usiiweke kwenye buti la basi. Kule chini kuna joto, na gundi inayoshika padi hulainika kwa joto, padi zikahama mahali pake. Itafika na ugonjwa ambao haikuondoka nao. Mpe mtu aipakate. Shingo itolewe, ifungwe kwenye soksi nene, na kifuniko cha oktavu kiwe juu.